Daftari la Hesabu, Agosti 2022

Mwaka 2022 nyumba yetu ya Magongo, Mombasa, ilikuwa na Baba wawili. Wa kwanza ni baba yangu mzazi, dereva wa trela, mtu wa kuingia ndani na vumbi la Mariakani kwenye nyusi na kuulizia chai kabla ya salamu. Wa pili ni Raila Odinga, mgombea urais wa Kenya, ambaye kwetu haikuwa lazima umtaje jina. Mama akisema "Baba amesema", ilibidi umtazame usoni ujue anamsema yupi. Akiwa anacheka, basi ni yule wa kwenye televisheni.

Nilitimiza miaka 14 wiki moja kabla ya kura. Nilikuwa darasa la nane, nangojea KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na hamu ya siasa sikuwa nayo hata chembe. Siasa zenyewe ndizo zilizonifuata. Zilikuja na spika juu ya pikapu kila alasiri, zikaja na leso. Mama alipewa leso ya mgombea huyu na fulana ya yule. Akajifunga leso, akavaa na fulana, akenda sokoni vivyo hivyo. Jirani alipomuuliza yuko upande gani, akamjibu, "Upande wa nguo mpya."

Baba hakuwa na mzaha huo. Siasa zake hazikuanzia chamani, zilianzia relini. Treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, mimi niko darasa la tatu. Kituo chake kiko Miritini, si mbali na kwetu, na tulikwenda kukitazama kama watu wanaokwenda kutazama harusi. Baba mwenyewe ndiye aliyenibeba mabegani nione vizuri. Miaka miwili baadaye ikaja amri kwamba makontena ya mizigo inayoingia nchini yapandishwe treni yapelekwe Nairobi, na Mombasa ikaingia barabarani kulalamika. Safari za Baba zilizokuwa nane kwa mwezi zikawa tatu, miezi mingine moja. Na hakuwa peke yake. Fundi wa tairi alifunga. Mama wa chapati nje ya yadi ya makontena alihamia Mikindani. Vijana wa kupakua mizigo walikaa kwenye magogo wakicheza bao mchana kutwa.

Kwa hiyo Baba alipokuwa akisikiliza mkutano wa siasa, neno alilokuwa akilisubiri lilikuwa moja tu: bandari. Akilisikia, anaongeza sauti. Lisipotajwa, analala.

Siku ya kura, Jumanne tarehe 9 Agosti, wote watatu, Baba, Mama na kaka yangu aliyekuwa anapiga kura mara ya kwanza, walitoka saa kumi usiku. Walirudi jua limeshapanda, vidole vina wino. Baba akaniinulia kiganja kizima. "Tano," akasema. Kenya nzima ilikuwa inapiga kura sita, lakini sisi wa Mombasa na wenzetu wa Kakamega ya ugavana tulinyimwa siku hiyo, kwa kuwa karatasi zilikuja na picha za wagombea wasio wetu. Tume ya uchaguzi ikaisogeza hadi tarehe 23, ikaisogeza tena hadi 29. Baba alirudi kuipiga. Kaka hakwenda. Alikuwa amepata kibarua siku hiyo, na kibarua hakiahirishwi.

Mimi siasa ziliniingia jioni ile ya tarehe 9, na ziliniingia kwa mlango wa hesabu.

Kaka alikuja na habari kwamba tume inaweka mtandaoni picha ya kila Fomu 34A, karatasi ya matokeo ya urais ya kila kituo, vituo vyote 46,229, na yeyote mwenye bando anaweza kuzifungua. Televisheni zilikuwa zikijumlisha kila moja kivyake: hii inampa huyu uongozi, ukibadilisha stesheni anaongoza yule. Kaka akasema, tujijumlishie wenyewe. Yeye alikuwa na simu, mimi nilikuwa na daftari la miraba lililobaki kurasa za nyuma. Nikapiga mistari: kituo, waliosajiliwa, Odinga, Ruto, Waihiga, Wajackoyah, zilizokataliwa.

Kama hujawahi kuitazama ile fomu, ni karatasi ya kawaida kabisa. Juu kuna jina la kituo na namba yake ndefu. Katikati kuna majina manne ya wagombea, na mbele ya kila jina namba iliyoandikwa kwa mkono. Chini kuna majina ya mawakala na sahihi zao, na sahihi ya msimamizi wa kituo. Nilizoea kuona nchi kama kitu kikubwa, chenye bendera na ving'ora. Kumbe mwisho wake ni mwalimu mmoja aliyechoka saa tano usiku, anaandika namba kwa kalamu ya buluu chini ya taa ya betri. Wengine mwandiko wao mzuri kama wa kadi ya mwaliko. Wengine saba yao huwezi kuitofautisha na moja, na kaka alikuwa akikuza picha mpaka inakuwa ukungu mtupu. Tulianza na vituo vya Changamwe, tukaruka Nyeri, tukaruka Homa Bay, tukaingia Turkana. Kituo hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo namba zilikuwa ndogo, za kuwazika. Huko kaskazini tulikuta kituo ambacho wapiga kura wake ni wachache kuliko watoto wa darasa letu, na bado mawakala walitia sahihi zote kana kwamba wanakabidhiana dhahabu.

Tulifika fomu 212. Bando likaisha, na mimi nikalala juu ya daftari.

Jumatatu tarehe 15, pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura Nairobi, baada ya vurugu jukwaani ambazo nchi nzima iliziona, mwenyekiti wa tume Wafula Chebukati alitangaza: Ruto kura 7,176,141, asilimia 50.49; Raila 6,942,930, asilimia 48.85. Magongo ilinyamaza. Baba alizima televisheni, akaiwasha, akaizima tena. Makamishna wanne kati ya saba walikuwa wameshasema hawayatambui matokeo hayo.

Kesho yake wale wanne wakatoa sababu zao. Moja ilikuwa kwamba ukijumlisha asilimia za wagombea wote unapata 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni kama kura 142,000. Baba aliruka kwenye kochi. "Umesikia? Mia na arobaini na mbili elfu! Zimetoka wapi?"

Nami mtahiniwa wa KCPE, niliyekuwa nachapwa desimali kila asubuhi, nikachukua kalamu. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2. Asilimia moja yake ndiyo 142,000. Asilimia 0.01 ni 1,420 hivi. Tena hata hizo 1,420 hazikuwa kura za mtu. Asilimia zote nne zilikuwa zimefupishwa desimali kwenda juu, basi jumla ikazidi kidogo. Mwalimu wetu alikuwa na swali la namna hiyo hiyo kwenye mazoezi, la mayai.

Nikasema kwa furaha ya mtoto aliyepata jibu: "Baba, hawa wamekosea. Hiyo si 142,000."

Akaweka kikombe chini polepole. "Wewe unamtetea nani?"

"Simtetei mtu. Ni hesabu tu."

"Hesabu ya nani?"

Sikuwa na jibu. Mama akaniashiria kwa macho nikaoge.

Swali hilo la "hesabu ya nani" nimekaa nalo muda mrefu kuliko nilivyokaa na matokeo yenyewe. Zamani nililiona la kijinga. Siku hizi silioni hivyo. Baba hakusoma sana lakini namba anazijua. Amesoma hati za mizigo tangu kabla sijazaliwa. Kwenye mizani za barabarani ameona lori lile lile likipewa uzito wa aina mbili asubuhi moja. Kwake yeye namba ina mwenyewe, kama mbuzi alivyo na mwenyewe, na ukiikuta inazurura yafaa uulize imetoka zizi gani. Kosa langu halikuwa kwenye kupiga hesabu. Nilidhani kwa vile jibu ni sahihi, basi litapokewa.

Shule zilikuwa zimefungwa tangu mwanzo wa Agosti. Siku ya kurudi ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka tarehe 18. Nilipofika darasani kwetu nilikuta mlangoni bado kumebandikwa nakala ya Fomu 34A. Darasa letu ndilo lililokuwa kituo. Upepo ulikuwa umeshaibandua pembe moja, na mtu alikuwa ameifutia chaki. Nilitoa daftari begini nikasimama pale na kidole, mstari kwa mstari. Odinga, sawa. Ruto, sawa. Waihiga alikuwa na kura mbili na kwangu mbili. Wajackoyah, sawa. Zilizokataliwa, sawa. Kengele ikalia, wenzangu wakanisukuma nipishe njia.

Jioni nikamwambia Baba kwamba ya mlangoni na ya mtandaoni ni moja. Alinisikiliza mpaka mwisho safari hii. Kisha akasema, "Ya mlango wenu ni ya mlango wenu." Na alikuwa na haki: milango ilikuwa 46,229, mimi nilisimama kwenye mmoja. Tarehe 5 Septemba majaji saba wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwa kauli moja kwamba fomu za mtandaoni na zile za karatasi hazikutofautiana kwa namna ya kubadilisha matokeo. Baba hakusema kitu. Alikwenda msikitini mapema.

Tarehe 13 Septemba Ruto aliapishwa Kasarani. Baba alikuwa ameapa hatatazama, lakini alikuwa akipita sebuleni kila dakika tano kutafuta kitu. Akapita pale pale rais mpya aliposema kwamba mchana huo huo atatoa agizo kazi ya kuidhinisha mizigo irudi bandari ya Mombasa. Baba akasimama katikati ya chumba. Mtu ambaye hakumpigia kura, ambaye wiki mbili nzima alikuwa akimuita mwizi, ndiye aliyelitaja lile neno lake. Akaingia chumbani akatoka amevaa viatu. Mama akamuuliza, "Waenda wapi?" Akakaa tena. Hakuwa na pa kwenda saa hiyo, nadhani miguu ndiyo iliyosikia kwanza.

Safari zilirudi, lakini hazikurudi nane. Nne, mwezi mzuri tano.

Huku nyuma mdogo wangu alikuwa Gredi ya 6, kundi la kwanza kabisa la CBC, mtaala mpya. Nataka niliseme hili maana watu wakizungumza uchaguzi husahau watoto walioning'inia. Mwaka ule wote hakuna aliyejua Januari atasomea wapi. Serikali iliyokuwa inaondoka ilisema Gredi ya 7 itakuwa sekondari, madarasa yakajengwa. Iliyoingia ikaunda jopo, na Desemba ndipo tukaambiwa watabaki shule za msingi. Mimi na yeye tulifanya mitihani yetu siku zile zile, mimi KCPE, yeye KPSEA ya Gredi ya 6, 28 hadi 30 Novemba. Mimi nilijua wangu unanipeleka wapi. Yeye usiku wa kwanza aliniuliza, "Mimi nikimaliza huu, nimemaliza nini?" Nikamwambia alale. Leo yuko Gredi ya 10, mimi niko kidato cha nne, katika kundi la mwisho kasoro moja la mfumo wa zamani, 8-4-4. Tunakaa meza moja na vitabu vya nchi mbili.

Juni 2024 nilikuwa kidato cha pili. Safari hii Baba ndiye aliyenitafuta. Alikuwa amesikia kwa madereva wenzake kuhusu Mswada wa Fedha, kwamba gari litatozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. "Hebu nisomee," akasema, akanipa simu yake. Tulikaa ukumbini mpaka saa sita usiku. Nilimsomea kiwango cha chini, shilingi 5,000, na cha juu, 100,000. Nikamsomea na kodi ya mkate. Akawa ananiambia, "Soma tena hapo." Hakuuliza hesabu ni ya nani. Nilitamani aulize, ili nimwambie kwamba hii ilikuwa yetu sote.

Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, na mchana ule ule Bunge likavamiwa, na vijana wakapigwa risasi. Kwetu Mama alikuwa ameficha viatu vya kaka tangu alfajiri. Kaka akatoka na ndara. Alirudi magharibi, macho mekundu kwa moshi, ndara moja, na cheko ambalo sijaliona kwake tena. Kesho yake rais akasema hatatia sahihi. Kaka ana diploma ya umeme kwenye bahasha ya plastiki, na anapakua mizigo kwa siku. Kwa saa ishirini na nne hivi alitembea kama mtu aliyeajiriwa.

Kisha Julai ikaja na orodha ya mawaziri, ndani yake watu wa upande wa Baba wa pili, hata Hassan Joho, gavana wetu wa zamani, akapewa Madini. Baba alisoma orodha hiyo akiwa amesimama na hakuwahi kuizungumzia. Na Desemba, vijana waliomkejeli rais mitandaoni walipoanza kutekwa nyara, Mama alichukua simu yangu akafuta picha moja baada ya nyingine. Alifuta hata katuni ya mbuzi. Nilimwambia huyo ni mbuzi tu. Akasema, "Wao watajuaje?"

Tarehe 15 Oktoba 2025 Baba alikuwa Mtito Andei aliposikia Raila amefariki India. Alimpigia Mama, na Mama anasema dakika mbili nzima alisikia injini za malori tu. Chebukati alikuwa ameshatangulia Februari mwaka huo huo. Yule aliyetangaza na yule aliyetangaziwa kwamba ameshindwa, wote hawapo, na sisi bado tunabishana kuhusu Agosti ile kama kwamba wako chumba cha pili wanasikiliza.

Shuleni kwetu sasa ni "wantam", rais atoke baada ya muhula mmoja, na "tutam", apewe wa pili. Kijana akikosa goli anaambiwa wantam. Walimu wakitaka kutupa moyo wanatuita viongozi wa kesho, na tunapiga makofi kwa adabu. Mimi kesho yangu naijua kwa tarehe: KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Novemba hii, matokeo mwaka ujao, na kura ni tarehe 10 Agosti 2027, wakati ule ule tutakapokuwa tunasubiri kujua ni nani ana karo ya chuo na nani hana. Rafiki yangu anasema hatajisajili, kaka yake alijisajili na bado yuko kwenye magogo. Sikumbishia. Kaka yangu naye yuko kwenye magogo hayo hayo. Lakini mimi nitajisajili, na sababu yangu ni ndogo kiasi kwamba naona haya kuisema mbele ya watu: nataka kuwa mle ndani saa tano usiku, wakala au karani, nimwone mtu akiandika ile saba.

Kwanza kitambulisho. Nitatimiza miaka 18 Agosti, na kwetu Pwani mtu huanza kutafuta karatasi mapema, maana hujui utaulizwa ya baba au ya babu. Kwa hiyo likizo hii ya Aprili Baba alishusha sanduku la bati kutoka juu ya kabati tutafute cheti changu cha kuzaliwa. Tulikikuta chini kabisa. Juu yake lilikuwepo lile daftari la miraba. Nilidhani lilishafungiwa karanga zamani.

Baba alivaa miwani akalifungua. Alipitisha kidole kwenye vituo, Changamwe, Nyeri, Turkana, akisoma kimyakimya kwa midomo. Mimi nikaendelea kunyoosha cheti. Akatoa simu, akafungua kikokotoo, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, anarudi mwanzo, anabonyeza tena. Ilichukua muda. Mama alituletea chai ikapoa.

"Ukurasa wa tatu," akasema. "Safu ya Odinga. Umesahau ile moja uliyoiweka juu."

Nikatazama. Kweli, moja yenyewe ilikuwepo, ndogo, juu ya mamia, na sikuijumlisha. Kura mia moja za Baba nilizipoteza mwenyewe, usiku ule ule nilipokuwa najiona fundi.

"Nilikuwa na usingizi," nikasema.

"Hata wao walikuwa na usingizi," akasema, akanyoosha mkono nimpe kalamu.